Jengo Linaondoka, Jamvi Je? Maswali Yenu Kuhusu Magofu Kwenye Viwanja vya Umma

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili mitatu habari ya majengo yaliyotelekezwa kwenye maeneo ya wazi, nikasema mimi naona bora yaondolewe ardhi irudi ilivokuwa, basi, meseji zikamiminika. Nyingi zimetoka huku huku Kigoma na chache Tabora. Nimechukua nne. La kwanza jibu lake ni refu, mnivumilie, maana hayo mengine yanaegemea hilo.

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Mimi nipo Kigoma mjini, upande wa kilimani ule unaoshuka ziwani. Mtaani kwetu kuna eneo kubwa tu, tangu tupo wadogo tunaambiwa kwenye ramani ni bustani ya umma, ila ndani yake kuna majengo manne yamekaa tu, mawili yalikuwa kama mabweni, moja ofisi, moja stoo, milango hamna, kenchi zimeliwa na mchwa, jioni vijana wanavutia humo bangi na mama zetu wanaogopa kupita. Sasa mtendaji wa mtaa katuita kikao, anasema imepatikana hela kidogo ya kukodi kijiko, wiki moja kazi imeisha, alafu panapigwa pevingi na kupandwa miashoki. Wengine tunataka parudi kama zamani, wazee wanasema palikuwa na mitundu na mininga na mbula, tumbili walikuwa wanashuka mpaka kwenye maji. Inawezekana kweli au tunaota? Na kama inawezekana tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Inawezekana, hamuoti. Ila kuna kitu ambacho kwenye kikao hicho naona hamna aliyekisema: kuangusha ukuta ndo kazi nyepesi kuliko zote. Kijiko kinalaza bweni zima kabla chai ya saa nne haijaiva. Kazi yenyewe ipo chini, kwenye jamvi, yani ile sakafu ya zege, na kwenye udongo uliolaliwa na jamvi miaka yote hiyo. Mkibomoa kuta mkaacha jamvi mmetoa gofu lililosimama mkaweka gofu lililolala, na hili la kulala ni baya zaidi kwasababu watu wanaona kazi imekwisha na hamna atakayerudi tena kuuliza.

Nalisema kwa uchungu maana nimeliona kwa macho. Nilipokuwa kijana karibu na kwetu kulikuwa na kambi ya mkandarasi wa barabara, barabara ilivoisha wakaondoka, majengo yakakaa miaka, baadae yakabomolewa kwa shangwe kabisa, watu wakagawana tofali na nondo na madirisha, kila mtu akaenda zake. Jamvi likabaki. Pale magreda yalipokuwa yanapaki zikabaki kokoto zimeshindiliwa na oili imenywea. Nimepita pale zaidi ya miaka kumi baadae, pori la pembeni limefunga jua halioni chini, pale katikati hamna kitu, lantana pembeni na nyasi kavu, na mvua ikinyesha maji yanateleza juu ya lile zege kama kwenye bati, kule yanakoangukia pamechimbika korongo ambalo ng'ombe akitumbukia hatoki. Msitu ulikuwa hatua ishirini tu kutoka pale. Ulikuwa tayari kurudi, ila haukuwa na pa kushika.

Kule California Marekani walikutana na shida hii hii ikiwa kubwa mno. Kuna hifadhi inaitwa Sequoia, ilianzishwa 1890, na ndani yake kuna msitu unaitwa Giant Forest, ndo ulipo ule mti wa General Sherman ambao kwa ujazo wa shina hamna mti mwingine mmoja ulio hai unaoufikia. Watu walivoupenda msitu wakajenga humo humo katikati ya miti, vyumba vya wageni, maduka, maegesho ya lami. Mwaka 1926 mtaalamu wa magonjwa ya miti, Emilio Meinecke, akawaambia kwamba mizizi ya miti hii mikubwa haiendi chini sana, imetandaa juu juu, kwaiyo mnavojenga na kukanyaga mnaushindilia udongo na mnauumiza mti. Ilipita kama miaka sabini ndo kazi ikaanza. Kuanzia 1997 wakatoa majengo 282, wakang'oa lami ya ekari 24, na hawakuishia hapo, wakatoa mabomba ya maji taka na matenki ya mafuta yaliyofukiwa, alafu wakaulegeza udongo, wakairudishia ardhi mwinuko wake wa zamani, wakapanda miche iliyotokana na mimea ya pale pale. Wageni wakajengewa sehemu nyingine mbali na miti ile. Angalia vizuri orodha yao, nyumba zenyewe ni mwanzo tu, vingi walivyotoa vilikuwa vitu vya chini ambavyo mpita njia havioni.

Sasa tuje kwenu. Kwanza karatasi. Jengo kutelekezwa haina maana halina mwenyewe, hayo mabweni huenda yapo kwenye daftari la mali la taasisi fulani mpaka leo, kwaiyo mwambieni mtendaji aende kwa afisa ardhi na afisa mazingira wa halmashauri mpate maandishi kabla kijiko hakijawasha injini. Na mkiwa huko mpimeni umbali mpaka ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na maji yenyewe mliyaona mwaka 2020 na 2021 yalivopanda mpaka yakaingia kwenye nyumba na bandarini. Kama sehemu ya eneo lenu ipo ndani ya hizo mita 60, hiyo habari ya pevingi mnayo hoja ya kisheria ya kuikataa, na mimi ningeikataa hata bila sheria. Pevingi ni jamvi jingine, lina rangi nzuri tu.

Pili, angalieni paa. Majengo mengi ya zamani ya umma yameezekwa yale mabati mazito ya kijivu yanayofanana na simenti, yenye mawimbi, ile ni asbestosi. Hapo naomba msinifanyie mzaha. Ikivunjwa inatoa vumbi jembamba ambalo macho hayalioni, linaingia kwenye mapafu linakaa, na saratani yake inakuja kutokea miaka mingi baadae wakati mlishasahau kama kulikuwa na jengo. Hamna kuyapiga nyundo, hamna kuyachoma, hamna kwenda kuezekea banda la mbuzi. Yanalowanishwa, yanatolewa yakiwa mazima na watu waliovaa vifaa, yanafungwa kwenye nailoni nzito, na afisa mazingira ndo aseme yanakwenda kuzikwa wapi. Kama hela ya kijiko haitoshi na hili, basi subirini hela iongezeke, gofu limesubiri miaka yote hiyo haliwezi kushindwa kusubiri miezi sita.

Kama paa ni bati la kawaida au hamna kabisa, basi msianze na kijiko, anzeni na mikono. Mafundi wanne wenye mitaimbo wanatoa fremu, mbao zilizobaki, grili, mabomba, tofali nzima nzima, vyote hivo vina mteja, nondo zinakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu na tofali ndo hizo mtaani mnajengea. Kijiko kije mwisho kwa ajili ya msingi na jamvi. Yani hela yenu ya kijiko ambayo mlikuwa mnataka kuimalizia kwenye kuta ambazo mikono ingetosha, ihamisheni yote iende chini. Mwambieni dereva afuate msingi mpaka unapoishia, avunje jamvi lote, kifusi kipande Fuso kiondoke, kisisukumiwe bondeni. Naona sana watu wanasukumia kifusi bondeni. Bonde lenu linaishia ziwani, na Tanganyika ina aina zaidi ya 200 za wale samaki wadogo wa rangi rangi wa kwenye mawe, wengi hawapatikani ziwa jingine lolote duniani, wanakula na kuzaliana kwenye mawe masafi, tope likishatanda juu ya mawe ndo basi tena.

Msisahau choo na karo. Karo lililofunikwa na majani ni kaburi la mtoto. Linanyonywa, linavunjwa kitako maji yapite, linajazwa udongo safi mpaka juu na kuzidi kidogo maana litashuka.

Mda wa kufanya haya yote ni kiangazi, Juni mpaka Agosti, ili Septemba na Oktoba mnautengeneza udongo na mvua za Novemba zinawakuta mpo tayari. Mkibomoa Disemba kwenye mteremko kama huo mmeupeleka mtaa ziwani.

Na udongo wenyewe sasa. Baada ya jamvi kutoka mtakuta pamekuwa kama uwanja wa mpira. Chimba shimo la kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, jaza maji, nenda kaongee na watu urudi, kama maji bado yamesimama hapo hamna mti utakaokubali. Pigeni sululu, kina kirefu, na mabonge yaache yalivo. Watu wetu wanapenda kusawazisha, wanapita na reki mpaka panang'aa, acheni, ardhi iliyokwaruzwa kwaruzwa ndo inashika maji na mbegu. Wekeni makinga maji ya kufuata kontua, yani ya kuukata mteremko kwa kukingama, tandazeni nyasi kavu juu.

Alafu nendeni kwenye pori la miombo lililo karibu, kwa ruhusa, mchukue debe chache za udongo wa juu mje muuchanganye pale mtakapopanda. Sababu ni hii: mtundu na myombo wanaishi kwa kushirikiana na uyoga. Ule uyoga ambao mama zetu wanaokota mvua zikianza, mwingi ni wa mizizi ya miti hiyo, unausaidia mzizi kunyonya chakula na mti unaulipa sukari. Chini ya jamvi la miaka thelathini huo uyoga utakuwa umeshakufa, na mche wa mtundu ukiupeleka peke yake mahali pasipo na mwenzake unadumaa tu, utalaumu mbegu bure.

Je mpande au msubiri? Msimu wa kwanza mimi ningesubiri, angalau pembezoni. Mbegu ya mtundu haiendi mbali, ganda linapasuka kwa mlio zinaruka mita chache kutoka kwenye mti mama, kwaiyo kama hamna mti mama karibu haitakuja yenyewe. Lakini mizizi ya miombo ni migumu kufa. Pale ambapo hapakuchimbwa msingi, kati ya jengo na jengo, kunaweza kuwa na visiki hai chini ambavyo vimekuwa vinachipua na kufyekwa kila mwaka. Vijiji vya kuzunguka Gombe wanalijua hili, baada ya mradi wa TACARE wa taasisi ya Jane Goodall kuanza 1994 waliona kwamba sehemu nyingi hazikuhitaji hata kitalu, ilitosha kuacha kukata na kuchoma, visiki vikasimama vyenyewe vikawa miti. Kwaiyo mvua ya kwanza ikipiga tembeeni eneo lote, kila chipukizi mnalolijua mliwekee kijiti cha alama ili mfyekaji asilipitie, alafu mwaka wa pili mpande pale ambapo hapakuota kitu.

Mtakapopanda mtundu kwa mbegu waambieni watu ukweli, miaka ya mwanzo hauonekani kukua. Unatoa majani mawili matatu, kiangazi kinakauka, unarudi, na kumbe mda wote huo unashusha mzizi. Hapo ndo diwani atakuja atasema miti yenu imegoma, tuleteeni mikaratusi. Msikubali.

Kazi ya kila wiki itakuwa lantana. Lile ua zuri la rangi mbili watu walileta kama pambo la bustani, sa hivi lipo kila gofu, na linapenda sana ardhi iliyovurugwa. Kuna mfano Hispania, kwenye rasi ya Cap de Creus, kulikuwa na kijiji cha likizo cha Club Med kilichojengwa miaka ya mwanzo ya 60, majengo zaidi ya 400 juu ya mawe ya bahari. Mwaka 1998 rasi ikatangazwa hifadhi, baadae kijiji kikafungwa, serikali ikalinunua eneo na kufikia 2010 wakawa wametoa majengo karibu yote na kifusi kikapelekwa kutumika upya. Lakini walikuwa na kazi nyingine kubwa sawa na hiyo, kung'oa mmea mmoja wa kutambaa wa Afrika Kusini, Carpobrotus, ambao ulipandwa kama pambo ukatoka nje ya bustani ukafunika mimea ya pale. Kwaiyo lantana mng'oe na mzizi, kabla haijazaa, kila wiki, miaka mitatu angalau. Na moto. Mkilikinga eneo lisiingie moto wa Septemba mmeshinda nusu, ule moto wa mwisho wa kiangazi unaua machipukizi yote, bora mlime mkanda wa kinga kuzunguka mwezi wa tano nyasi zikiwa bado na unyevu.

Miashoki kama mtendaji kashainunua pandeni ofisini kwake.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu mstaafu Tabora. Nje kidogo ya mji kuna eneo ambalo kijiji na halmashauri wanataka liwe bustani ya miti ya asili, jambo jema. Humo ndani kuna vibanda vya juzi juzi tu vya mradi fulani uliokufa, na kuna nyumba moja ya zamani sana, kuta nene za mawe na udongo, wazee wanasema ilikuwepo kabla ya reli. Kamati inasema vyote vishushwe ili pawe safi. Roho yangu inasita. Je nina haki ya kusita au ni uzee?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Una haki kabisa, na nakuomba usite kwa sauti kubwa zaidi, mbele ya kamati nzima na kwa maandishi.

Vibanda vya mradi vishushwe hata kesho. Hiyo nyumba ya kuta nene isiguswe hata tofali moja mpaka watu wa Mambo ya Kale wameiona, tunayo sheria ya mambo ya kale tangu 1964, na kitu cha zamani kikishashushwa hamna sheria itakayokisimamisha. Reli ya kati ilifika Tabora 1912, kama kweli nyumba ilitangulia reli basi inatoka kwenye mji wa misafara, mji ambao pembe na watu waliofungwa minyororo vilipita kuelekea pwani. Mji huo umebakiza vitu vichache vya kushika kwa mkono. Pale Kwihara tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 ilibidi lijengwe upya ndo likawa makumbusho. Fikiria kama la mwanzo lingetunzwa.

Na sio kwamba anayetaka msitu lazima achukie nyumba. Kwenye hifadhi ya Great Smoky Mountains Marekani kuna sehemu inaitwa Elkmont, ilianza kama mji wa wakata magogo mwaka 1908, baadae matajiri wakajenga nyumba za mapumziko, hifadhi ikaanzishwa 1934 wao wakaendelea kukaa kwa mkataba, mikataba mingi ikaisha 1992. Mpango ulikuwa kushusha zote. Watu wakapinga, zikaingizwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria 1994, mvutano ukawa mrefu, na wakati wanavutana hoteli yao ya zamani ikaanguka yenyewe 2005. Mwaka 2009 ndo wakaamua, 19 zibaki zikarabatiwe, nyingine ziondoke. Hata kule Giant Forest nilikotaja juu, duka moja la mwaka 1928 walilibakiza, ndo makumbusho ya msitu sa hivi. Mimi naona kuna hekima hapo, na kuna onyo pia kwenye ile hoteli, maana kubakiza bila kutunza ni kubomoa polepole.

Kwaiyo mwalimu, fanya hivi wiki hii. Piga picha kila upande, ndani na nje, weka rula au panga pembeni ionekane ukubwa. Kaa na hao wazee uandike nani alikaa, nani alijenga, jina la mahali lilikuwa nani kabla ya haya majina ya sasa. Hata kama mwisho wa siku nyumba itashindwa kubaki, hayo yatabaki. Alafu kaiambie kamati kwamba bustani ya miti ya asili yenye nyumba moja ya mababu katikati yake, paa limerudishwa, kuna benchi la kukaa chini ya mninga, watu watakuja kuiona hiyo kuliko uwanja mtupu. Kipimo changu ni kimoja tu: nauliza hili jengo likiondoka kuna kitu ambacho wajukuu hawatakijua? Kwa vibanda vya mradi jibu ni hapana.

SWALI: Kaka habari, nipo Uvinza. Gofu letu linabomolewa mwezi ujao, ndani kuna popo wengi sana, na bundi wawili, na kuna mzee mmoja hana ndugu analala chumba cha nyuma. Bundi watu wanataka wapigwe mawe kwanza. Ushauri wako tafadhali.

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Naanza na mzee, na nimeshangaa kidogo amewekwa wa tatu nyuma ya popo. Hamna jengo linaloshushwa mtu analala ndani. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya leo, sio mwezi ujao, na mtaani mchangishane apate chumba kabla ya siku ya kazi, na asitolewe usiku na asitolewe na mgambo. Huyo huenda ndo anayelijua eneo hilo kuliko nyinyi nyote, njia za maji, miti iliyokuwepo, mashimo yalipo. Mkimpa kazi ya kulinda miche kwa posho ndogo mmetatua mambo mawili.

Bundi aachwe. Najua tunavoambiwa tangu utotoni kwamba akilia juu ya bati kuna msiba, ila chakula cha bundi ni panya, na wale panya wanaokula mahindi yako stoo yeye anawakamata bila kukudai mtego wala sumu. Angalieni kama wana kiota chenye makinda, kama wanacho subirini wiki kadhaa wataruka. Popo nao mvizieni jioni giza linapoingia muone wanatokea tundu gani, zibeni matundu mengine yote kwanza, hilo moja mliwekee pazia la nailoni lililofungwa juu tu likaachwa wazi chini, wanatoka hawawezi kurudi, siku nne tano wamehama, ila msifanye hivo wakiwa na watoto wasioweza kuruka maana watafia ndani. Na mavi yao msiyafagie makavu, yalowanisheni, vaeni barakoa na glavu, vumbi lake lina maradhi.

SWALI: Mzee wangu shikamoo, Ujiji hapa. Kwenye kiwanja chetu cha wazi nyumba ya mlinzi imeshabomolewa, imebaki uani kwake miembe miwili mikubwa. Jamaa mmoja kwenye kamati kasoma soma, anasema mwembe sio mti wa asili kwaiyo ukatwe kama lantana. Watoto wanalia. Nani yupo sahihi?

JIBU: Marahaba. Watoto.

Huyo jamaa hajakosea kwamba mwembe ulitoka ng'ambo, ulikuja na misafara kutoka pwani, ndo maana Ujiji na Tabora zimejaa miembe hata mnara wa Livingstone upo chini ya miembe. Alipokosea ni kuuweka kapu moja na lantana. Lantana inaingia yenyewe inafunika mwenzake, mwembe unakaa ulipopandwa, na kinachoota chini yake ni kokwa watu walizotupa, ukizing'oa kila mvua hauendi popote. Kivuli chake sa hivi ndo kitu pekee kinachozuia jua la Oktoba kwenye kiwanja kitupu kilichotoka kubomolewa, na ndege wanaokuja kula embe wanaangusha mbegu za miti mingine waliyokula huko walikotoka, kwaiyo nenda kaangalie chini ya hiyo miembe mvua zikianza, huenda ukakuta chipukizi la mti ambao hamna aliyeupanda. Uwekee kijiti.

Kitu kimoja tu nyumba ya mlinzi mmesema imebomolewa, hamjasema jamvi lake liko wapi. Nitumieni picha, na sio ya siku ile ukuta unaanguka, nataka ya sakafu.